Chakula Chao, Chakula Chetu

Nilifundisha historia kwa miaka mingi, kwanza shuleni, kisha katika chuo cha ualimu, kabla sijakabidhiwa shule niiongoze mpaka kustaafu kwangu. Katika miaka hiyo yote sikupata kuona muhtasari wa somo uliompa mpishi hata mstari mmoja. Wafalme wamo, mabaharia wamo, wamisionari wamo, magavana wamo. Mpishi hayumo. Mimi naona upungufu huo ni mkubwa, hasa tunapotaka kueleza jinsi sisi Waafrika wa nchi hizi tulivyoishi na jirani zetu waliotoka Bara Hindi. Habari za ujirani huo hazimo zote katika nyaraka za serikali wala katika hotuba. Sehemu yake kubwa imo jikoni. Iko jioni moja iliyonionyesha jambo hili waziwazi, nami nitamweleza msomaji yaliyopita jioni hiyo pamoja na historia iliyokuwa nyuma yake.

Mwaka 2023 baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani wa chuo, ambao sasa wenyewe ni watu wazima wenye wajukuu, walitualika walimu wao chakula cha jioni Dar es Salaam. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Walichagua mkahawa wa Kihindi uliokuwa umefunguliwa miezi michache tu kabla, upande wa Msasani. Waliuita wa kisasa, na kweli ulikuwa wa kisasa. Hapakuwa na picha ya Taj Mahal ukutani, taa zilikuwa hafifu, na jiko lilitengwa na ukumbi kwa kioo kikubwa, tukawa tunawaona wapishi wakifanya kazi kama mtu anavyowatazama mafundi karakanani. Chakula kililetwa kidogo kidogo juu ya sahani kubwa nyeusi, kila tonge limepambwa kwa jani au kwa ua.

Pamoja nasi alikuwapo mwalimu mwenzangu wa hisabati, mama wa Kihindi wa rika langu, mzaliwa wa Tanga. Sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kuandikwa. Kijana mhudumu alipofika alituamkia sisi, "Shikamooni wazee," kisha akamgeukia yeye na kumsemesha kwa Kiingereza. Mama yule akamjibu kwa Kiswahili cha Tanga: "Mwanangu, na mimi ni mzee kama hawa. Niamkie vilevile." Kijana akainama, akamwamkia upya, naye akaitikia marahaba.

Mmoja wetu akasema, tena kwa nia njema kabisa, "Mwalimu, leo wewe ndiye mwenyeji wetu. Hiki ni chakula cha kwenu, tuagizie." Akavaa miwani, akaipitia orodha ya vyakula toka juu mpaka chini, akaiweka mezani. "Nusu ya vitu hivi sijapata kuvisikia," akasema. "Kwetu tulikula wali, dengu, mboga na samaki wa nazi. Mimi hapa ni mgeni kama ninyi."

Watu walicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Chakula kinachouzwa duniani kwa jina la chakula cha Kihindi, hasa nyama ya kuokwa katika tanuri la udongo liitwalo tanduri na kuku wa mchuzi wa nyanya na siagi, asili yake zaidi ni Punjab na Delhi. Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, mamilioni ya watu walihama makwao kuvuka mpaka mpya wa India na Pakistan. Miongoni mwa waliokimbilia Delhi walikuwamo wenye mikahawa kutoka Peshawar, waliofungua mkahawa wa Moti Mahal katika mtaa wa Daryaganj, na huko upishi wa tanduri ukapata sifa iliyoenea nchi nyingi. Familia za waanzilishi hao zimegombea heshima ya kumbuni kuku wa siagi, hata mwaka 2024 zikafikishana mahakamani huko Delhi. Baadaye wakatokea wapishi waliosomea kazi hiyo, wakaanza kukiandaa chakula cha Kihindi kwa mtindo wa hoteli kubwa za Ulaya. Mwaka 2001 mikahawa miwili ya London, Tamarind na Zaika, ilikuwa ya kwanza ya Kihindi kupewa nyota za Michelin, na tangu hapo mtindo huo umesambaa. Kwa hiyo chakula kilichokuwa mbele yetu Msasani kilikuwa kimepita Peshawar, Delhi na London kabla ya kufika kwetu, na mama wa Tanga hakuwa na sababu ya kukifahamu kuliko sisi.

Wahindi wa kwetu walikuja kwa njia nyingine, na mapema zaidi. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, uitwao Periplus, unataja vyombo vilivyotoka Bara Hindi kuja masoko ya Pembe ya Afrika vikiwa vimepakia ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba. Tazama, msomaji: katika orodha hiyo ya kale vyakula vimetangulia. Kaskazi ilivileta vyombo, Kusi ikavirudisha, mwaka baada ya mwaka. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliwakuta Wahindi wameshafika, na huko huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Katika karne ya 19, enzi ya Seyyid Said, forodha ya Unguja ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch. Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851, alitajirika kwa kuzipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, na akatoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Jina lake lingali katika Hospitali ya Muhimbili.

Upande wa Kenya ilikuja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga njia toka Mombasa mpaka Kisumu. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na wapatao 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha. Hao wengi wao walikuwa Wapunjabi. Wenye maduka, walioenea mpaka vijiji vya ndani kabisa, wengi walitoka Gujarat na Kutch. Wagoa walikaa katika ofisi za serikali kama makarani. Sisi tuliwaita wote "Wahindi", kama Mzungu alivyotuita sisi sote "wenyeji", bila kuuliza nani Mzigua, nani Msukuma.

Walichotuachia tunakitamka kila siku bila kufikiri. Pesa, laki, gari, bima, chapa, haya yote ni maneno yaliyotoka kwao. Na jikoni ndiyo usiseme: chapati, bajia, kachumbari, achari, biriani. Wengine hudai sambusa nayo ni ya Wahindi, lakini Wahindi wenyewe waliipokea kutoka nchi za Waajemi na Waarabu. Kachori ya Unguja, ambayo ni kidonge cha kiazi, ukimpa mtu wa Delhi atakuuliza hiki nini, kwa sababu kachori yake yeye ni kitu kingine.

Sasa niseme habari ya chapati. Watu husema Wahindi walituletea chapati. Mimi nasema si hivyo hasa. Mwenye duka aliuza unga na mafuta, hakuuza chapati. Chapati ilitoka katika nyumba yake kuja katika nyumba zetu ikiwa imebebwa na mpishi. Najua hivyo kwa sababu mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpishi katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja Muheza katika miaka ya 1950. Alianza kwa kuosha vyombo, akafundishwa kukanda unga, na mwishoni jiko lote likawa lake. Siku ya Idi alikuja kwetu na kifurushi cha unga wa ngano, akausukuma kwa chupa tupu ya soda maana kifimbo hatukuwa nacho. Katika nyumba ya tajiri yake chapati ilikuwa nyembamba, kavu, ya kula kila siku, kama sisi tunavyokula ugali. Mjomba alisema watu wa kwetu hawafanyi sikukuu kwa kitu kikavu. Akaipaka samli, akaikunja, akaizungusha kama konokono, akaisukuma tena. Wahindi nao wana chapati ya tabaka ya namna hiyo, waiitayo paratha, lakini kwetu hiyo ndiyo ikawa chapati yenyewe. Chakula chao cha kila siku kikawa chakula chetu cha sikukuu, kwa sababu unga wa ngano na mafuta vilikuwa ghali kwa mtu wa mashamba ya mkonge. Nadhani jikoni nyingi za Afrika Mashariki zinaweza kusimulia habari kama hiyo.

Mjomba alipika katika nyumba ile miaka kumi na tisa. Hakuketi katika meza ile hata mara moja.

Silisemi hilo ili kumshtaki mtu. Nchi nzima ilikuwa imepangwa hivyo. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Shule zilikuwa za aina tatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na ziliunganishwa kisheria kuanzia Januari 1962, baada ya Uhuru. Hata kura ilipangwa kwa rangi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu kwa pamoja, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikaribia kugawanyika kwa ajili ya jambo hilo, mpaka mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipoamua kuikubali kura tatu na kuitumia kuwashinda waliokuwa wameibuni. Ndipo Watanganyika wenye asili ya Bara Hindi, kama Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, na Sophia Mustafa, wakaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika. Tuliweza kuwachagua kabla hatujaweza kula nao.

Nirudi Msasani. Ilipoletwa orodha ya bei, mmoja wetu aliyekuwa mcheshi siku zote akaguna, akasema, "Ama kweli, mabepari hawajafa!" Tukacheka. Wasomaji wadogo huenda wasijue kwamba neno "bepari" lenyewe lilitoka kwa Wahindi, na huko kwao maana yake ni mfanyabiashara tu. Kwetu, katika siasa ya miaka ya Azimio la Arusha, liligeuka kuwa jina la adui, mwenye kunyonya jasho la wenziwe. Mama yule hakucheka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma hesabu ubaoni, "Baba yangu alikuwa bepari wa nyumba moja."

Meza ikanyamaza. Wengi wetu tulifanya naye kazi kwa miaka na hatukuwa tumemsikia akiyasema hayo. Baba yake alikuwa na nyumba ya ghorofa moja mjini Tanga, wao wakikaa juu na wapangaji chini. Kwa sheria ya Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa kuwa mali ya umma, na nyumba hiyo ikawa miongoni mwake. Baba yake alibaki akilipa kodi ya vyumba alivyovijenga mwenyewe. Kaka mmoja akahamia Toronto, mwingine Leicester. Yeye alikuwa na umri wa miaka 22, mwaka wake wa kwanza kazini. Mwanafunzi wetu mmoja akamwuliza kwa upole kwa nini hakuondoka nao. Akajibu: "Nilikuwa na darasa la watoto arobaini, na mtihani ulikuwa karibu."

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana walioandamana kuliunga mkono Azimio mwaka 1967, na mpaka leo naamini nia yake ilikuwa ya haki. Nchi iliyoachwa na mkoloni ikiwa na mali upande mmoja na umaskini upande mwingine haikuweza kukaa hivyo hivyo. Lakini mwalimu wa historia anayeeleza mwaka 1971 kwa hesabu ya majengo peke yake amefundisha nusu ya somo. Nusu nyingine ni ya watu waliokuwa ndani ya majengo hayo, na wako waliobaki wakiendelea kuwafundisha watoto wetu hisabati.

Aliyetuokoa na ukimya ule ni mhudumu, aliyeleta sahani ndefu yenye vipande vya kukaanga vilivyonyunyiziwa pilipili na ndimu, akavitangaza kwa jina la "mogo". Mama akainua kipande kimoja, akakitazama, akaangua kicheko. "Hiki ndicho cha kwetu sasa!" Ulikuwa muhogo. Ulikuwa muhogo wa kawaida, kama ule unaochomwa kandokando ya barabara, na bei ya sahani ile sokoni ingetosha muhogo wa kulisha jamaa nzima kwa siku kadhaa.

Jina hilo lina safari yake. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waliokuwa na uraia wa Uingereza waondoke, wakapewa siku 90, na karibu 28,000 wakaingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaasa wasiende kwao. Walikwenda. Wakafungua maduka na mikahawa, na katika mikahawa hiyo wakauza, pamoja na vyakula vya Gujarat, kitu walichokikumbuka cha huku: muhogo, ambao katika midomo yao umefupishwa kuwa mogo. Hivyo Mwingereza wa Leicester au London anapokula mogo hudhani anakula chakula cha India. Kumbe anakula kumbukumbu ya Kampala, Mombasa na Tanga. Na sasa mkahawa wa kisasa umeturudishia muhogo wetu Msasani ukiwa umevaa suti.

Nimesema "muhogo wetu", lakini mwenye historia asijisifu haraka. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na ni Wareno walioupeleka Afrika kuanzia karne ya 16. Pilipili kali iliyonyunyiziwa juu yake nayo ilitoka Amerika, ndiyo hiyo hiyo ambayo leo hatuwezi kuwaza mchuzi wa Mhindi bila hiyo. Nyanya ya yule kuku wa siagi pia. Ukitaka kumwondoa mezani kila mgeni, utabaki na meza tupu.

Tulipokuwa tunamaliza zikaletwa chapati, nyembamba na kavu. Mwenzetu mmoja akasema hizi si chapati, chapati ni zile za tabaka. Mama akamwunga mkono, akasema naye hupika za tabaka. Nikamwuliza alifundishwa na mama yake? "La," akasema, "mama alikuwa dukani toka asubuhi mpaka jioni. Nilifundishwa na mpishi wetu, Mzigua."

Nikamfikiria mjomba wangu. Nikauliza, "Na yeye alikula wapi?"

Alifikiri kidogo. "Jikoni," akasema. "Na mimi nilikula naye huko huko nilipokuwa mdogo, sahani moja. Mpaka nilipofika umri wa kuambiwa sasa uje mezani."

Nimeyawaza maneno hayo mara nyingi kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni kuhusu ubaguzi. Mtoto na mpishi walikwisha kula sahani moja. Hawakutenganishwa na lugha, maana walisema Kiswahili kimoja, wala na ladha, maana walipenda chapati moja. Walitenganishwa na umri wa kuambiwa. Na sisi upande wetu tulikuwa na umri wetu wa kuambiwa: hawa ni wageni, hawa ni mabepari, hawa si wenzetu. Serikali iliweza kuunganisha shule kwa sheria mwaka 1962, na lilikuwa jambo jema sana. Lakini hakuna sheria ya kuunganisha meza. Hiyo ni kazi ya watu wenyewe, nayo haiishi kwa kula chakula cha jirani. Tulikula chakula chao kwa miaka mia moja bila kuwauliza habari zao, nao walikula kilichopikwa na mikono yetu bila kutukaribisha kiti.

Kwa hiyo nina neno kwa walimu vijana, hasa wa historia. Mnapofika kwenye mada ya Wahindi wa Afrika Mashariki, msianze na tarehe za reli. Waambieni wanafunzi wataje walichokula sikukuu iliyopita, kisha waulizeni nani alimfundisha mama kukipika, na bibi alifundishwa na nani. Fuateni jibu mpaka litakapofika, liwe limefika Muheza, Kutch, Brazil au Uajemi. Halafu waulizeni swali ambalo muhtasari hauliulizi: katika nyumba ile, nani alipika, nani aliketi mezani, na nani aliambiwa akale jikoni. Watoto watalijibu kwa uchangamfu mwanzoni, kisha watanyamaza. Waachieni muda wa kunyamaza, maana hapo ndipo watakapoanza kuielewa historia yao.